Je, wajua kwa nini mfumo wa faili wa mashine pepe huharibika ilhali diski halisi ni nzima?

Umewasha mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine (mwenyeji), yenye Ubuntu. Badala ya kukupokea kama kawaida, imekwama kwenye skrini nyeusi iliyoandikwa initramfs na inakutaka uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, kwa mkono. Ukikagua diski ya kompyuta mwenyeji, huoni kasoro yoyote.

Diski ya mashine pepe aghalabu ni faili tu iliyo ndani ya mwenyeji: kutegemea programu inayoendesha mashine pepe, ni qcow2 kwa QEMU, vmdk kwa VMware, vhdx kwa Hyper-V. Mfumo wa faili wa ext4 ulio humo, yaani utaratibu wa kupanga data diskini, hauna habari hiyo. Kabla ya kubadili muundo wake, huandika mabadiliko kwenye jonali (daftari lake la kumbukumbu), kisha huagiza yafikishwe diskini kabla ya kuendelea. Umeme ukikatika, jonali husomwa upya na mambo hutengemaa. Shida huja pale mwenyeji anapojibu "tayari" huku data ingali kwenye RAM yake, mithili ya tarishi anayeapa barua imefika nayo imo mkobani. QEMU hufanya hivyo hasa ikiwekwa mpangilio wa cache=unsafe. Kasi yake inavutia kweli, ila mimi ningeiachia mashine za majaribio peke yake.

Wakati mwingine ni hifadhi ya mwenyeji iliyojaa, kwa kuwa diski pepe iliahidiwa nafasi kuliko iliyopo. Au diski moja imefunguliwa na mashine mbili kwa pamoja. Hapo ext4 haiponi: kila mashine huandika juu ya kazi ya mwenzake bila kujua.

Ndiyo maana kukimbilia fsck ni pupa. Zima mashine, kisha anzia chini: je, mwenyeji ana nafasi? Faili ya diski yenyewe ni salama? Kwa qcow2, amri ya qemu-img check hukagua bila kugusa kitu. Halafu nakili faili nzima ya diski, kwa maana fsck hurekebisha kwa kuandika, na ikikosea katika kukisia, hakuna kurudi nyuma.

Iambatishe nakala hiyo kwenye mashine pepe nyingine, bila kuipachika (mount), na uanze na e2fsck -n, fsck ya ext4 yenyewe, ambayo husema tu ilichokiona. Ukiridhika, endesha e2fsck -f. Supabloku, sehemu inayobeba maelezo makuu ya mfumo wa faili, ikiwa imeharibika, ext4 huwa na nakala zake za akiba. Kwa bloku za KB 4, ya kwanza kwa kawaida iko kwenye bloku 32768, nawe huiita kwa -b 32768. Faili zilizopoteza majina utazikuta ndani ya lost+found, zikiitwa kwa namba.

XFS, mfumo mwingine wa faili, ina taratibu zake. Huko fsck haifanyi lolote. Chombo chake ni xfs_repair. Ikikataa kwa sababu jonali ina kazi ambayo haijamalizika, jaribu kwanza kuupachika mfumo ili jonali isomwe. Chaguo la -L huifuta jonali pamoja na mabadiliko ya mwisho yaliyokuwemo, kwa hiyo usiliguse ila mengine yote yameshindikana.