Kabla ya Kubadilishwa Goti, Ulizia Mazoezi

Mama mmoja aliingia chumba changu cha fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, kwa magongo mawili, mwanawe nyuma amebeba bahasha ya kaki. Ilikuwa wiki ya saba tangu abadilishwe goti la kulia. Kovu limepona vizuri, eksirei inaonesha kazi safi. Nikaweka kipima pembe: goti likakunja hadi digrii 60, likagoma. Kunyooka nako, halikunyooka lote. Ndani ya bahasha mlikuwa na kila karatasi isipokuwa kibali cha bima cha mazoezi. Familia iliamini kibali cha upasuaji kimebeba yote. Walipogundua sivyo wakaanza kufuatilia upya, na mama akakaa nyumbani akisubiri, mguu umewekwa juu ya mto.

Huo mto niuseme kabisa. Kuweka mto chini ya goti kunapunguza maumivu, ndiyo maana kila nyumba inafanya hivyo kwa mapenzi. Lakini goti linazoea kukaa limekunjika kidogo, na baadaye kulinyoosha ni vita. Taulo lililokunjwa liwekwe chini ya kisigino, goti lining'inie na kushuka lenyewe. Dakika kumi, mara kadhaa kwa siku. Inauma, na nawaambia wagonjwa wangu ukweli huo. Meza dawa ya maumivu aliyokuandikia daktari nusu saa hivi kabla ya kuanza.

Haraka yote ya nini? Baada ya upasuaji mwili unatengeneza kovu hata ndani ya goti, na kovu likikomaa halibembelezeki. Misuli ya mbele ya paja nayo inapoteza nguvu nyingi mno katika mwezi wa kwanza. Kutembea tambarare kunataka goti likunje kama digrii 60 hadi 70, kupanda ngazi 80 na zaidi, kuinuka kitini bila kujivuta kwa mikono 90 na kuendelea. Choo cha kuchuchumaa kinataka zaidi ya hapo, na wengi wenye goti bandia hawakifikii. Tafuteni mapema kiti cha kuweka juu ya tundu, na cha kuswalia kwa anayeswali.

Sasa bima. Goti halijui kwamba kibali chako kiko mezani kwa mtu. Kwa hiyo siku daktari anapokupangia tarehe ya upasuaji, siku hiyohiyo anza kuulizia mazoezi. Uliza kama mazoezi yamo kwenye kitita chako cha mafao, ni mahudhurio mangapi, yanaanza kuhesabiwa lini na kibali kinaisha lini. Kwenye bima za kampuni binafsi uliza pia kikomo cha mwaka cha matibabu ya nje, maana kulazwa na mazoezi ya kwenda na kurudi mara nyingi havitoki fungu moja. Jibu liombe kwa maandishi. La simu ni zuri, ila huwezi kulionesha dirishani.

Wazee wengi ninaowahudumia wapo kwenye kadi ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ya mtoto wao aliyeajiriwa. Mtoto akiacha kazi au akibadilisha mwajiri katikati ya matibabu, kadi ya mzazi inaweza kugoma. Mambo haya familia hazipendi kuyaongea mbele ya mgonjwa. Yaongeeni pembeni basi, lakini kabla ya upasuaji.

Kuna na suala la umbali. Watu wanatoka Kigoma au Songea kuja kufanyiwa upasuaji MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, kisha wanarudi kwao. Mazoezi ya miezi mitatu huwezi kuyafanyia huko kwa kwenda na kurudi kwa nauli ya basi. Kabla ya kuruhusiwa, omba barua ya rufaa inayotaja aina ya upasuaji, tarehe yake, goti lilipofikia na uzito unaoruhusiwa kuuweka mguuni. Ipeleke kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali ya mkoa wako, na uhakikishe kituo hicho kinapokea kadi yako. Barua inayosema "mazoezi ya goti" tu inamwacha mwenzangu wa kule akibahatisha.

Na kila ukihudhuria, soma fomu ya bima kabla ya kusaini. Saini huduma uliyoipata siku hiyo. Usisaini fomu tupu hata kwa mtu unayemwamini, kwa sababu mahudhurio yale yanahesabiwa kwako.

Yule mama tulihangaika naye wiki tatu, digrii zikapanda kidogo mno. Nikamrudisha kwa daktari wake, akaamua kumlaza usingizi na kulikunja goti kwa mikono, bila kupasua. Safari hii mwanawe alikuja na kibali cha mazoezi mkononi, kimegongwa muhuri siku mbili kabla. Mama alipozinduka tulianza alasiri ileile, kitandani, taulo chini ya kisigino.