Si kila maiti chini ya kifusi iliuawa na bomu

Watu wengi huamini kwamba vitani muuaji hapatikani: mabomu yakishaanguka, nani atajua yupi alikufa kwa kombora na yupi kwa mkono wa mtu? Harry Dobkin, mkazi wa London wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, naye aliamini hivyo.

Aprili 1941 mkewe, Rachel, waliyekuwa wametengana, alitoweka jijini London. Dada mtu hakungoja. Alikwenda polisi mara moja na kumtaja shemeji yake. Hapakuwa na maiti, hivyo shauri likakwama.

Julai 1942 wafanyakazi waliokuwa wakibomoa kanisa lililopigwa bomu huko Vauxhall, mtaa wa London, walinyanyua bamba la jiwe wakakuta mifupa. Mhanga mwingine wa mabomu ya ndege za kivita, walidhani. Daktari Keith Simpson, mchunguzi wa maiti, hakukubali. Bomu halikati kichwa na miguu vizuri namna ile, wala halimwagii mtu chokaa. Na chokaa (hapa kuna dhana nyingine potofu) haikuuyeyusha mwili. Ile iliyotumika iliwafukuza wadudu, ikahifadhi koo. Kwenye gegedu la koo kulikuwa na mpasuko mdogo na damu iliyoganda: dalili ya kukabwa.

Jina sasa. Dada alikuwa ametoa picha ya marehemu; ikawekwa juu ya picha ya fuvu, vikalingana. Daktari wa meno akatambua kazi yake mwenyewe katika taya.

Dobkin, aliyekuwa mlinzi wa kuangalia moto wa mabomu katika jengo lililopakana na kanisa hilo, alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa Januari 1943, vita ikiendelea.