Bwana harusi si mgeni kwenye harusi yake

Nimekuwa mhazini wa kamati za harusi sita hapa Dar es Salaam, na madaftari yote ninayo. Ukisoma safu ya walioahidi, kisha ukasoma safu ya waliotoa, utadhani ni harusi mbili tofauti. Humo ndimo nilimojifunza kwamba mengi tunayoambiana kuhusu kupanga harusi hayana miguu.

Dhana inayopendwa zaidi na wanaume ni hii: kazi ya bwana harusi ni mahari na suti, mengine waachiwe kina mama na kamati. Si kweli. Send-off ni shughuli ya upande wa binti, lakini harusi ni ya upande wa kijana, na mwenye ukumbi, mpishi na mpambaji hawaidai kamati. Wanamdai aliyesaini. Kwa Waislamu jambo lenyewe liko wazi tangu zamani: Mtume alimwambia Abdulrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Aliyeambiwa ni bwana harusi mwenyewe. Na aliambiwa mbuzi, hakuambiwa ukumbi wa watu mia sita.

Kwa hiyo kabla ya kikao cha kwanza, kijana aje na mambo mawili: kiasi atakachotoa yeye kutoka mfukoni, na idadi ya wageni isiyovukwa. Nimewaona wanaokuja kikaoni, wanasalimia, wanakunywa soda na kuaga. Wiki tatu baadaye wanashangaa nani aliyeagiza ndafu wawili.

Dhana nyingine, ndugu yake hiyo: wageni wengi ndiyo pesa nyingi. Tuchukue mfano. Mtu na mkewe wametoa 100,000 wakapewa kadi ya watu wawili. Sahani ikiwa 35,000 kwa kichwa, 70,000 imekwisha hata kabla ya vinywaji. Iliyobaki, 30,000, ndiyo ilipe ukumbi, muziki, mapambo, MC na picha. Ukiongeza wageni mia wa namna hiyo, umeongeza kazi ya mpishi tu. Tena hapo nimemhesabu aliyetoa. Aliyeahidi hajatoa kitu, na mhazini anayepanga bajeti kwa ahadi atapigiwa simu na mwenye ukumbi usiku wa Ijumaa.

Tarehe nayo tunaikosea. Watu wakishalipia ukumbi wanaona siku imepatikana. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa angalau siku 21 kabla, na makanisa mengi hutangaza ndoa Jumapili kadhaa mfululizo. Anzeni kwa padri, mchungaji, shehe au msajili, ndipo mkatafute ukumbi. Anayetaka harusi ya kanisani katikati ya Kwaresma aulize mapema kabisa, asije akalipia mapambo ya ndoa isiyofungwa siku hiyo.

Kuhusu mahari nitasema kwa kifupi. Wengi wanaamini isipokamilika ndoa haipo. Kwa sheria hiyohiyo, ndoa iliyotimiza masharti yake haibatiliki kwa sababu taratibu za mila kuhusu mahari hazikufuatwa. Wazee wana maoni yao, na ukikaa mbele yao utayasikia yote. Pwani kuna kosa jingine: kijana anahesabu mahari, kilemba cha baba na mkaja wa mama kama fungu moja. Mahari ni haki ya binti mwenyewe. Hivyo vingine ni ada, vina wenyewe, na mshenga mzuri huuliza kila kimoja kwa jina lake kabla ya kuondoka.

Sasa wapambe. Hapa ndipo urafiki mwingi unapovunjika kimyakimya. Dhana iliyozoeleka ni kwamba mpambe akishapata sare ameshapata zawadi. Ebu tuulize: kitambaa amenunua nani? Fundi kalipwa na nani? Saluni, viatu, bajaji ya kwenda kujaribisha nguo mara tatu? Kama ni yeye, basi yeye ndiye aliyetoa zawadi, na bado anadaiwa mchango wa kadi! Bibi harusi aseme siku anapomwomba mtu amsimamie: hiki nalipa mimi, hiki utalipa wewe. Asiyeweza akatae mapema bila kununiwa.

Zawadi yenyewe si lazima iwe ghali. Malkia Victoria, ambaye harusi yake ya 1840 ndiyo iliyolivumisha shela jeupe tunalolivaa hadi leo, aliwapa wapambe wake 12 bruchi, yaani pini za pambo za kubana kwenye nguo, zenye umbo la tai. Sisi tuna doti ya khanga, na kila mwanamke atakayeipokea ataitumia. Ila soma jina lake kwanza. Namjua bibi harusi aliyegawa khanga nzuri sana kwa marafiki zake wanne, wote bado hawajaolewa, zimeandikwa "Japo sipati tamaa sikati." Wawili hawakucheka. Na toa zawadi siku moja kabla, nyumbani, wakati mnapakana hina. Ukumbini MC ataigeuza mnada.

Kikao cha mwisho huitwa kuvunja kamati. Watu wanakula nyama, mwenyekiti anashukuru, mimi nasoma mapato na matumizi, kisha namkabidhi bwana harusi daftari. Daftari la harusi ya mwaka jana lilikuwa na mstari mmoja usiofutwa: jenereta, 180,000. Aliutazama, akauliza, "Hii analipa nani?" Watu saba mezani wakainamia sahani zao.