Je, wajua kwa nini damu iliyoganda mapafuni huondolewa kupitia kinenani?

Mkazi wa Kisumu amewahi kuona gugumaji likisukumwa na upepo kutoka pembe moja ya Ghuba ya Winam hadi likaziba gati mahali ambapo halikuota. Bonge la damu linaloziba mapafu nalo, mara nyingi, halikugandia humo. Huanzia katika vena za ndani za mguu, hasa kwa mtu aliyelazwa siku nyingi baada ya upasuaji, mama aliyejifungua karibuni, au msafiri aliyekaa basini usiku kucha kutoka Mombasa. Likikatika, hupanda na damu, hupita upande wa kulia wa moyo, kisha hukwama katika ateri ya mapafu.

Njia hiyo hiyo ndiyo anayoifuata daktari. Hutoboa tundu dogo kwenye vena ya kinena na kupitisha mrija uitwao katheta, akiongozwa na picha za eksirei, hadi lilipo bonge, bila kupasua kifua.

Si kila mgonjwa anayehitaji hayo. Wengi hutosheka na heparini au dawa nyingine inayozuia bonge lisikue, huku mwili wenyewe ukiliyeyusha polepole. Hatari kubwa hutokea pale upande wa kulia wa moyo, wenye kuta nyembamba kwa kuwa umezoea kusukuma damu kwa shinikizo dogo, unapotanuka na kulemewa hata presha ya mgonjwa ikashuka. Hapo aghalabu hutundikiwa alteplasi, dawa ya kuyeyusha bonge, kwa kawaida miligramu 100 kwa saa 2. Tatizo ni kwamba dawa hiyo huzunguka mwili mzima, na inaweza kuvujisha damu hata ubongoni, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lililofanya katheta ipendwe: kwa katheta, dawa hudondoshwa ndani ya bonge lenyewe, na kiasi cha robo ya kipimo hicho au chini yake huweza kutosha.

Asiyeweza kabisa kupewa dawa hiyo, mathalani aliyewahi kuvuja damu ubongoni, huweza kuingiziwa katheta pana, nyingine zikiwa na kipenyo cha milimita 8, inayolifyonza bonge na kulitoa nje.

Upasuaji ndio uliotangulia. Friedrich Trendelenburg, daktari Mjerumani, aliujaribu mwaka 1908 lakini wagonjwa wake hawakupona. Mwanafunzi wake, Martin Kirschner, alifaulu mwaka 1924, na hadi leo kifua hupasuliwa pale dawa na katheta zinaposhindwa.