Chumvi iliyopikwa nayo ni chumvi

Kauli kwamba chumvi ikipikwa haina madhara, wiki iliyopita nimeisikia mara tatu kwa siku moja, na ya tatu ndiyo iliyonikalisha niandike. Kijana wa miaka 27, anaendesha bodaboda Chake Chake, Pemba, kaja kliniki na mama yake. Wiki mbili nyuma presha yake ilikuwa juu, 152/98. Safari hii nikamkalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, nikapima mara mbili: 150/96, kisha 148/96. Nikauliza habari ya chumvi. Mama akamtangulia kujibu: "Dokta, huyu chumvi mbichi haigusi. Kwangu mie kikopo cha chumvi hakikai mezani. Tunakula ya kupikwa tu."

Alisema kwa fahari, na simlaumu. Mtu alimfundisha hivyo, na pengine ni mmoja wetu sisi wa koti jeupe. Tumezoea kuwaambia wagonjwa "acheni chumvi mbichi", tukikusudia wasiongeze chumvi juu ya sahani. Wao wakafahamu kwamba chumvi ikishaiva ubaya wake umekwisha. Haukwishi. Chumvi haiivi.

Kinachopandisha presha ni sodiamu iliyomo. Ikizidi, mwili unazuia maji ili kuizimua, damu inaongezeka ujazo, mishipa inabanwa, na figo zinafanya kazi ya ziada kuitoa. Moto wa jikoni hauigusi sodiamu. Maji yanachemka kwa nyuzi 100. Chumvi kavu, ili igeuke uji, inataka nyuzi 801, na hata hapo ikipoa ni chumvi ileile. Mtu wa Pemba ndiye wa mwisho kuhitaji kuambiwa haya. Mashamba ya chumvi tunayo kisiwani: maji ya bahari yanafungiwa vidimbwini, jua linayakausha siku baada ya siku, na kinachobaki chini ndicho tunachotia mifukoni. Na mpishi yeyote anajua kwamba mchuzi ukisahauliwa motoni ukapungua maji, unazidi chumvi. Ingekuwa moto unaiondoa, mchuzi ungekuwa chapwa.

Kitu pekee ambacho moto unaweza kukipunguza kwenye chumvi ni madini joto, yaani kile kizuri chake. Kwa hiyo tukiipika sana tunapoteza faida na kubaki na madhara.

Nikamwomba mama anioneshe. Kliniki naweka sahani ya bati, pakiti ya chumvi na kijiko cha chai kwa kazi hii. Akakunja kiganja, akamimina kama anavyotia kwenye mchuzi wa nazi wa watu sita, halafu akamimina tena ya wali. Tukapima: vijiko vinne na kidogo. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni takriban gramu 5, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Watu sita basi hawatakiwi kufikisha vijiko sita, kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha usiku. Vinne vimekwenda mchana peke yake. Bado boflo, yaani mkate, la asubuhi. Bado vidonge viwili vya supu anavyovivunjia mchuzini, ambavyo karibu nusu ya uzito wake, au zaidi, ni chumvi. Bado ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, ambaye humsuuza mara moja tu na kumtia chunguni "ladha isitoke". Kijana naye jioni yuko kijiweni na chipsi, au embe mbichi ya chumvi na pilipili. Hiyo embe hakuna aliyeihesabu, na hiyo ndiyo mbichi hasa.

Ushauri wangu, ambao wenzangu kazini wameshachoka kuusikia: kiganja kitoke jikoni, kijiko kiingie. Anza na kile unachotia leo ukikipima, kisha punguza robo kila baada ya wiki mbili. Ulimi unazoea kidogo kidogo, ila ukikata yote kwa siku moja nyumba nzima itagoma. Ng'onda alale majini usiku, maji yabadilishwe mara mbili, na chungu chake kisitiwe chumvi nyengine wala kidonge. Ndimu, ukwaju, kitunguu thomu, tangawizi, pilipili manga: haya tunayo, na wageni wanavuka bahari kuja kuyaona mashambani kwetu. Tena msimpikie mgonjwa chungu chake peke yake. Wadogo zake wanne wanakula mchuzi uleule.

Visingizio navyo nimevizoea. "Presha ni ya wazee." Mwaka 1990 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi, wengi wao vijana. Presha zao zilikuwa juu kuliko za waliobaki kijijini, na tofauti ilianza mapema baada ya kuhama. Uzito wao ulikuwa mkubwa zaidi, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu zaidi kulinganisha na potasiamu, madini mengine ya mwilini. Hawakusubiri kuzeeka. Na Wayanomami wa msitu wa Amazon, ambao karibu hawali chumvi kabisa, presha zao hazipandi hata umri ukienda.

"Ingekuwa juu ningesikia kichwa." Wengi hawasikii kitu. Kijana wangu huyu alikuja kwa maumivu ya mgongo, si kwa presha. Na hapo nina neno jengine: alikuwa akimeza diklofenaki karibu kila siku kwa ajili ya huo mgongo, ya kununua dukani bila cheti. Diklofenaki na ibuprofen hufanya figo zishikilie chumvi na maji, na presha hupanda. Waendesha bodaboda, wabeba mizigo na wavuvi, hili ni lenu.

"Mimi yangu ni ya kushuka." Hii inanitia hofu. Mtu anasikia kizunguzungu, anajipa jina la presha ya kushuka, anakoroga chumvi na ndimu kwenye glasi ya maji, anakunywa, wala hajapimwa. Kizunguzungu kinaweza kuwa njaa, kiu, upungufu wa damu, au presha iliyo juu. Nimeshampima dada wa miaka 31 aliyekuwa akinywa glasi hiyo kila asubuhi: 158/100.

Chumvi ya mawe, ya pinki, ya bahari yetu wenyewe: sodiamu ni ileile. Na anayesema "nikipunguza nitakosa madini joto" anunue chumvi iliyotiwa madini joto, atie kidogo, tena mwisho wa mapishi.

Tumemchukua kijana mkojo na damu tuangalie figo, maana presha hiyo kwa miaka 27 lazima itafutiwe sababu, chumvi isibebeshwe yote. Diklofenaki nimemsimamisha, na mgongo wake atauona mtu wa mazoezi ya viungo. Atarudi baada ya wiki nne. Mama aliniuliza mara mbili kama ni kweli gramu 5 ni kijiko kimoja, akakisawazisha tena kwa kidole mbele yangu, akakitazama. Walipokwisha kutoka nikakuta sahani ya bati iko pale, pakiti iko pale, kijiko hakipo. Nitanunua chengine.