Leseni imefungiwa, bima nayo uifute? Yasemwayo na wanafunzi wa California

"Futa bima, si leseni imefungiwa?" Ndiyo kauli ya kwanza mwanafunzi anayoisikia akishaonyesha barua ya DMV, ofisi ya jimbo la California inayosimamia leseni na usajili wa magari. Haijakosa mantiki, kwani asiyeendesha analipia nini? Lakini gari linabaki limesajiliwa, na gari lililosajiliwa sharti liwe na bima. Bima ikikatika, kampuni huiarifu DMV kwa kompyuta, na usajili nao unafungiwa. Ulikuwa na tatizo moja, sasa unayo mawili. Kama gari litakaa tu limeegeshwa, kuna fomu ya DMV ya kutamka kwamba halitatumika. Fomu kwanza, kufuta bima baadaye. Wengi huanza na kufuta.

"SR-22 ni bima ya wakosaji."

Hata baadhi ya mawakala husema "bima ya SR-22", ndiyo maana kosa hili halikomi. SR-22 ni hati tu, anayodaiwa dereva aliyefungiwa leseni akitaka irudi. Kampuni ya bima huipeleka DMV kuthibitisha kwamba dereva fulani ana angalau bima ya chini inayotakiwa kisheria, ile ambayo nyumbani Tanzania tungeiita bima ndogo. Tangu Januari 1, 2025 kiwango hicho ni dola 30,000 kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa, 60,000 kwa ajali nzima ikiwa walioumia ni zaidi ya mmoja, na 15,000 kwa mali iliyoharibiwa. Kabla ya hapo kilikuwa 15,000, 30,000 na 5,000, kwa hiyo anayekutajia bei ya miaka mitatu iliyopita anakupoteza.

Ada ya kutuma hati yenyewe ni ndogo. Maumivu yako kwingine. Sheria ya bima waliyoipitisha wapigakura wa California mwaka 1988 inampa dereva mwema punguzo la angalau asilimia 20, lakini sharti awe na leseni kwa miaka mitatu. Mwenye leseni ya mwaka mmoja hajalipata bado, na hapo ndipo anapojidanganya kwamba hana cha kupoteza. Akitiwa hatiani kwa kuendesha amelewa, punguzo hilo litamkwepa kwa miaka 10. Aliyekosa akiwa na miaka 19 atalisubiri mpaka akaribie 30.

Kisha kuna muda. SR-22 kwa kawaida hudaiwa miaka mitatu mfululizo. Ukichelewesha malipo bima ikakatika, kampuni inaijulisha DMV na leseni inafungiwa upya. Si kampuni zote zinazotoa hati hii, kwa hiyo uliza kabla hujalipa chochote.

"Sina gari, hayo hayanihusu."

Yanakuhusu ukitaka leseni irudi. Ipo bima ya dereva asiye na gari, na SR-22 inaweza kuambatanishwa nayo. Humlinda anayeazima gari mara mojamoja. Gari la mtu unayeishi naye, au lile unalolitumia kila siku, kwa kawaida halimo.

"Nitatumia la mzee, bima hufuata gari."

Nusu yake ni kweli. Mwenye gari akikuruhusu, bima yake mara nyingi inakulinda. Ila mtoto anapofungiwa leseni, wazazi wengi huombwa na kampuni kusaini karatasi inayomtoa kwenye bima kwa jina, ili bei isipande. Akishatolewa, hata ruhusa ya baba haisaidii: akigonga, kampuni hailipi. Kabla ya kuomba ufunguo, omba kwanza kuiona hiyo karatasi. Na leseni ikiwa bado imefungiwa, bima ya aina yoyote haikupi haki ya kushika usukani. Ni kosa la jinai, na gari la mzee linaweza kuzuiliwa siku 30.

"Bia moja haina neno."

Kwa aliyetimiza miaka 21, mpaka wa kawaida ni asilimia 0.08 ya kilevi kwenye damu. Kwa aliye chini ya hapo ni 0.01, na adhabu ni kufungiwa leseni mwaka mzima.

"Nitahamia Arizona." Rekodi itakufuata.

"Mwaka mzima sitaendesha kabisa."

Si lazima iwe hivyo. Dereva wa chini ya miaka 21 anaweza kuomba leseni yenye masharti kwa hitaji la lazima: kwenda chuoni, kazini, au kumpeleka mgonjwa wa familia. DMV itataka kujua kwa nini basi au treni haikutoshi, na itataka barua zilizosainiwa, iwe ya chuo, ya mwajiri au ya daktari. Ukiipata, njia ni ile uliyoiombea tu. Kupitia kwa rafiki Jumamosi usiku hakumo.