Kuandaa bustani ya nyumbani kwa kiangazi: dhana potofu na ukweli

Uganda hupitiwa na ikweta, na joto la Kampala hubadilika kidogo tu mwaka mzima, kwa hiyo msimu unaoitesa bustani ya nyumbani huku ni kiangazi. Katika sehemu kubwa ya kusini huja mara mbili, Juni hadi Agosti na Desemba hadi Februari; kaskazini huja mara moja tu, kirefu, takriban Desemba hadi Machi.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba maandalizi huanza mvua ikishakatika. Ukweli ni kwamba wakati huo umekwisha kuchelewa. Matandazo, yaani nyasi au majani makavu ya kufunika udongo, hayaongezi maji ardhini, hulinda yaliyomo. Ukitandaza nyasi au majani makavu ya mgomba juu ya udongo uliokauka, hata manyunyu machache yatakayopita yataishia kwenye nyasi. Tuta la mboga za majani kama nakati, dodo (mchicha) au sukuma wiki litandazwe katika wiki za mwisho za mvua, udongo ukiwa bado unashikamana mkononi, kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, na pembeni mwa kila shina iachwe nafasi ya vidole vitatu ili lisioze wala kuvamiwa na mchwa. Baada ya wiki mbili za jua, inua matandazo kidogo: chini yake udongo ni mweusi na wa baridi, ilhali hatua moja kando, pasipofunikwa, umefanya nyufa. Mwenye nafasi ya kufanya jambo moja tu na afanye hili.

Wengine huamini kwamba kuchoma mabaki ya mimea hurutubisha bustani. Majivu yana potasiamu, ni kweli, na mboga huweza kunawiri kwa muda. Lakini sehemu kubwa ya nitrojeni hupotea na moshi, na mabaki ambayo yangeoza yakawa mboji ya kushika maji huteketea. Inasikitisha kuona moto huo katika nyumba ambayo kila siku hutupa maganda ya matoke.

Kumwagilia maji kidogo kila siku nako hudhaniwa kunatosha. Miche michanga huhitaji hivyo, ila kwa mboga zilizokwisha kushika, maji hayo hulowesha juu tu, na mizizi hubaki huko huko juu inakounguzwa na jua. Afadhali kumwagilia hadi maji yazame, mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi na mapema au jioni.

Mwisho, husemwa kwamba maji ya paa dogo hayana maana. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi mvua ya milimita 10 juu ya mabati ya mita za mraba 30 ni lita 300, yaani jerikani 15 za lita 20, ukitoa kidogo kinachopotea njiani. Gata na pipa viwekwe kabla ya mvua za mwisho, na pipa lifunikwe vizuri ili mbu wasizaliane humo.